Namna ya Kuandika Kifungu cha Kulinda Kazi Katika Mkataba wa Hali Bora: Somo Kutoka kwa Marubani

Viongozi wengi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi huku Nyanda za Juu Kusini, iwe kwenye viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, kwenye mashamba ya miti au kwenye usafirishaji, huingia katika majadiliano wakiwa wamejipanga vizuri kwa mishahara na posho, lakini hawana hata sentensi moja waliyoiandaa kuhusu nani atakayeifanya kazi yenyewe. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, unasainiwa, picha zinapigwa, na mwaka unaofuata mwajiri anatangaza zabuni: madereva, walinzi na wapakiaji wanahamishiwa kwa wakala, yaani kampuni ya nje, na nyongeza iliyopiganiwa kwa miezi inabaki kuwa ya wachache ambao majina yao bado yamo kwenye orodha ya mishahara ya kampuni. Mwongozo huu ni wa kiongozi wa tawi anayetaka kuuziba mwanya huo kabla hajakaa mezani.

Mfano nitakaoutumia ni wa marubani wa mashirika makubwa ya ndege ya Marekani. Nimewachagua kwa sababu wamebishana wao kwa wao juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, wamepata na wamepoteza, na matokeo ya kila sentensi waliyoiandika yanaonekana wazi kwenye viwanja vya ndege. Katika mikataba yao, kifungu kinachosema nani ataruka kwa niaba ya kampuni kwa kawaida huwekwa mwanzoni kabisa, mbele ya kifungu cha mshahara, na mpangilio huo si wa bahati mbaya.

Elewa kwanza kazi inavyotoka

Abiria wa Marekani hununua tiketi ya Delta, United au American. Ndege anayoipanda imepakwa rangi za shirika hilo, ratiba na nauli zimepangwa na shirika hilo, lakini ikiwa anakwenda mji mdogo huenda rubani wake ameajiriwa na kampuni nyingine kabisa, kama vile SkyWest au Republic. Shirika kubwa huilipa kampuni hiyo ndogo kwa safari zinazorushwa, na mara nyingi hubeba lenyewe gharama za mafuta na hasara ya viti vitakavyobaki wazi. Ukishaondoa mafuta, nauli na soko, kinachobaki kwa kampuni ndogo kushindania ni gharama za kuendesha ndege, na kubwa kati ya hizo wanayoweza kuigusa ni malipo ya watu. Anayeshinda zabuni, kwa hiyo, ni yule ambaye marubani wake ni wapya na wa bei nafuu. Wakishakuwa wazoefu na mishahara yao ikapanda, kazi inaweza kuhamishiwa kwa mwingine aliyeanza upya.

Hatima ya kampuni ya Comair inafaa kusomwa kwa makini na kila katibu wa tawi. Marubani wake waligoma kwa siku 89 mwaka 2001 na wakapata mkataba bora kuliko wa wenzao wengi waliorusha ndege ndogo. Delta, iliyokuwa ikiimiliki Comair, iliifunga mwezi Septemba mwaka 2012, ikitaja gharama zake na kupungua kwa mahitaji ya ndege za viti 50. Safari nyingine za namna hiyo ziliendelea kurushwa na makampuni mengine chini ya jina lile lile la Delta. Kwa maneno mengine, marubani walishinda mshahara, lakini hawakuwa na sentensi iliyosema kwamba kazi ile ni yao.

Kuna na upande wa usalama, ambao mwajiri hapendi uletwe mezani ingawa unastahili. Tarehe 12 Februari 2009 ndege aina ya Q400 ilianguka karibu na Buffalo, ikaua watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Tiketi zilikuwa na jina la shirika kubwa la Continental, lakini ndege ilirushwa na Colgan Air. Uchunguzi ulionyesha makosa ya rubani katika kushughulikia onyo la ndege kupoteza mwendo, na mjadala uliofuata ukafichua uchovu, safari ndefu za kufika kazini na mishahara midogo ya marubani wa makampuni ya aina hiyo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010 iliyosababisha rubani msaidizi naye kutakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka kwa kawaida, na iliyowalazimu wauza tiketi kumtaja wazi mwenye kurusha ndege. Wasafiri wa Mbeya wanaifahamu Q400 kupitia Air Tanzania, na ni ndege nzuri. Kilichozungumzwa Marekani hakikuwa chuma bali mpangilio wa ajira.

Andika sentensi pana kwanza, kisha orodhesha yaliyoachwa

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na makatazo: mwajiri hatakodisha walinzi, mwajiri hatakodisha madereva. Kila kazi ambayo hukuitaja inakuwa halali kuitoa nje. Marubani hufanya kinyume chake. Sentensi yao ya kwanza husema kwamba safari zote za kampuni, na zote zinazofanywa kwa ajili yake, zitarushwa na marubani walio kwenye orodha ya kampuni, kisha ndipo yanapofuata mambo machache yanayoruhusiwa. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri: kama jambo halimo kwenye orodha ya ruhusa, haliruhusiwi.

Tuseme tawi liko kwenye kiwanda cha chai. Sentensi inaweza kuandikwa hivi: «Kazi zote za kupima, kupakia, kusafirisha na kusindika majani mabichi ya chai, zinazofanywa na mwajiri, au kwa niaba yake, au na kampuni yoyote ambayo mwajiri anaimiliki au anaidhibiti, zitafanywa na wafanyakazi walio chini ya mkataba huu, isipokuwa zile zilizotajwa katika Jedwali la Kwanza.»

Maneno matatu katika sentensi hiyo yasiondolewe kwa gharama yoyote. La kwanza ni «zote», ambalo mwanasheria wa mwajiri atajaribu kulibadilisha liwe «za kawaida». La pili ni «kwa niaba yake», kwa sababu bila hilo mwajiri atasema kwamba lori la wakala halifanyi kazi ya kiwanda, linafanya kazi ya wakala. La tatu ni «anaidhibiti». Mwajiri halazimiki kutafuta mtu wa nje. Anaweza kusajili kampuni tanzu yenye masharti yake mapya na kuipelekea kazi kidogo kidogo. Marubani wa Air France waligoma kwa siku 14 mwezi Septemba mwaka 2014 kwa sababu ya hoja hiyo hiyo, pale shirika lilipotaka kupanua kampuni yake tanzu ya nauli nafuu, Transavia, na kuanzisha vituo vyake katika nchi nyingine za Ulaya, ambako ajira zingekuwa na masharti tofauti. Mpango wa vituo hivyo uliachwa. Jirani zetu wa Kenya Airways nao wana kampuni tanzu, Jambojet, iliyoanza kuruka mwaka 2014. Kampuni tanzu si dhambi, lakini mkataba usioitaja unaipa mlango wa nyuma.

Chagua kipimo kinachoonekana kwa macho

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na ndipo marubani wanapotufundisha zaidi.

Ruhusa yoyote utakayoitoa inahitaji kipimo. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, mashirika makubwa ya Marekani yaliingia katika ufilisi mmoja baada ya mwingine, na chini ya shinikizo la mahakama za ufilisi marubani walilegeza mipaka yao. Zamani ndege zinazorushwa na makampuni ya nje zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zimebanwa kwenye viti 50. Leo, katika mashirika matatu makubwa, ukomo ni viti 76 na uzito wa kuruka usiozidi paundi 86,000, yaani takribani kilo 39,000. Q400 za Air Tanzania zina viti 76, kwa hiyo anayetaka kujua ukubwa wa kazi iliyoachiliwa anaweza kuhesabu safu za viti siku moja akipanda ndege pale Songwe. Hiyo si ndege ya kubeba watu kumi kutoka porini.

Kipimo cha uzito kimekuwa na nguvu ambayo sidhani waliokiandika waliitarajia. Kiwanda cha Embraer cha Brazil kilitengeneza toleo jipya la ndege yake, E175-E2, lenye injini zinazotumia mafuta kidogo lakini nzito zaidi, likapita kilo 44,000. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 2019, lakini soko lake kubwa lilikuwa Marekani, na marubani wa mashirika makubwa hawakukubali kupandisha ukomo. Mwaka 2022 kiwanda kikasimamisha mradi. Toleo la zamani likaendelea kuuzwa. Namba moja ndani ya mkataba wa wafanyakazi ilizuia ndege nzima isiingie sokoni, kwa sababu uzito umeandikwa kwenye cheti cha ndege na hakuna meneja anayeweza kuubishia.

Kipimo cha viti, kwa upande mwingine, kilipindwa. United ilikuwa imefikia ukomo wa ndege za viti 70 na 76 zinazorushwa kwa niaba yake na makampuni ya nje, lakini ilikuwa bado na nafasi kwenye kundi la viti 50. Mwaka 2019 ikatangaza ndege iitwayo CRJ-550, ambayo ni mwili wa ndege ya viti 70 iliyong'olewa viti hadi vikabaki 50, pamoja na daraja la kwanza na kabati za mizigo. Abiria walifurahia nafasi ya miguu. Kisheria hapakuwa na ukiukwaji, na kwa mtazamo wangu lawama haimhusu mwajiri bali sentensi: viti vinaweza kung'olewa, na sentensi haikulizuia hilo.

Turudi kiwandani. Ukiandika kwamba wakala anaruhusiwa kutumia lori za tani saba tu, usishangae kuona lori la tani saba likivuta tela. Ukiandika kwamba wakala atasaidia «wakati wa msimu wa mavuno mengi», jiandae kwa msimu usioisha, hasa kwa kuwa chai ya huku huchumwa karibu mwaka mzima. Kipimo bora ni kile ambacho tayari kinaandikwa kila siku na mtu ambaye hana sababu ya kukipotosha. Kwenye chai, kipimo hicho ni mizani: kila mzigo wa majani mabichi unapimwa na kuandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya gari lililouleta. Andika, basi, kwamba kilo za majani zinazosafirishwa na magari yasiyo ya kampuni hazitazidi sehemu fulani ya kilo zote zilizopimwa katika mwezi, na ambatanisha sharti la pili kuhusu idadi ya magari. Vipimo viwili vinavyolindana ni vigumu kupindwa kwa wakati mmoja.

Sehemu hiyo ya kilo ina faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba inapanda na kushuka pamoja na kazi ya wafanyakazi wa kampuni. Mkataba wa marubani wa Delta wa mwaka 2012 uliruhusu ndege za nje za viti 76 ziongezeke hadi 223, lakini kwa masharti: ndege za viti 50 zipunguzwe hadi 125, ndege ndogo za Boeing 717 ziletwe kwa marubani wa Delta wenyewe, na uwiano ulindwe kati ya saa zinazorushwa na Delta na zile zinazorushwa na makampuni ya nje. Kazi ya ndani ikipungua, ya nje lazima ipungue nayo. Bila uwiano wa namna hiyo, mwajiri hupunguza watu wake mwaka wa ukame na wakala akabaki na kazi kamili.

Kwenye mkutano wa tawi

Wakati wa kulipigia kura pendekezo la mwajiri, tegemea mgawanyiko, na usiuogope. Marubani wamegawanyika kwa namna inayofanana sana na yetu. Rubani aliyebakiza miaka mitano kustaafu anaangalia nyongeza ya mshahara, na mara kadhaa huko nyuma wakongwe walishawishika kuachia ndege ndogo, ambazo wao hawazirushi, ili wapate malipo makubwa kwenye ndege kubwa. Kijana aliyeajiriwa juzi ndiye anayepoteza kazi pale ndege ndogo inapoondoka. Rubani wa kampuni ya nje naye ana hoja yake: kifungu kinachowalinda wengine kinaizuia kampuni yake isikue, na yeye hakushirikishwa kukiandika. Menejimenti huongeza ya nne, kwamba bila gharama ndogo mji mdogo usingepata ndege kabisa.

Hoja hiyo ya nne isipuuzwe. Kuna kazi ambazo kampuni haina vifaa wala utaalamu wa kuzifanya, na kung'ang'ania kila kitu hulifanya tawi lionekane halijui hesabu. Mwambieni mwajiri aonyeshe kwa takwimu kwamba kazi husika haiwezekani kufanywa na watu wake kwa masharti ya sasa. Ikionekana ni kweli, iingizwe kwenye Jedwali la Kwanza kwa muda wenye tarehe ya mwisho. Mgawanyiko wa wakongwe na vijana, hata hivyo, ni wa kwetu wenyewe, na dawa yake ni ya utaratibu: wekeni kwenye kamati ya majadiliano angalau mtu mmoja kutoka kila kitengo kinachonyemelewa na mawakala, na kipigieni kura kifungu cha kulinda kazi peke yake, kabla kiwango cha nyongeza hakijatajwa. Vikipigiwa kura kwa pamoja, nyongeza humeza kila kitu.

Kuhusu waliokwisha kupelekwa kwa wakala, waingizwe ndani ya mkataba badala ya kugeuzwa wapinzani. Marekani zipo kampuni ndogo, hasa zile zinazomilikiwa na American, ambazo marubani wake wana njia iliyoandikwa ya kuhamia shirika kubwa kwa zamu. Tawi linaweza kudai jambo la aina hiyo: nafasi ikitokea kiwandani, dereva wa wakala aliyefanya kazi hiyo hiyo afikiriwe kwanza. Linaweza pia kudai kwamba mkandarasi asilipe chini ya kiwango cha mkataba wa hali bora kwa kazi ile ile, na kwa maoni yangu dai hili ndilo lenye makali kuliko yote, kwa sababu linaondoa faida iliyokuwa ikimvutia mwajiri atoe kazi nje.

Sheria inakupa nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakipa haki ya pekee ya majadiliano chama chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi, kwa hiyo hesabu fomu za uanachama kabla ya kuandika barua ya kutaka kutambuliwa. Hesabu kundi kama lilivyo leo, na uwe macho: watu wakishahamishiwa kwa wakala hutoka kwenye kundi lako na wingi wako unayeyuka pamoja nao. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na atoe taarifa zinazohusika na majadiliano. Ombeni kwa maandishi mikataba yote ya ukandarasi inayohusu kazi za kundi lenu, tarehe zake za kuisha, na daftari la mizani la mwaka uliopita.

Mkataba huwa na nguvu ukiwa kwa maandishi na umesainiwa, unamfunga mwajiri na wafanyakazi wa kundi hilo hata wasio wanachama, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mkishasaini, hamruhusiwi kugoma kwa jambo ambalo mkataba umekwisha kulipangia utaratibu. Ndiyo maana nimetumia nafasi kubwa kwenye maneno na vipimo: kuanzia siku ya saini, silaha mliyobaki nayo ni sentensi yenyewe. Andikeni pia kwamba mnunuzi au mwendeshaji mpya wa kiwanda atauchukua mkataba huu kama sharti la mauzo, na kwamba hakuna mfanyakazi wa kundi hili atakayepunguzwa wakati kazi yake inafanywa na mtu wa nje. Upunguzaji wenyewe sheria inautaka utanguliwe na taarifa na mashauriano, ila mashauriano pekee hayazuii kazi kuondoka.

Mwisho, wekeni namna ya kukagua na adhabu ya kukiuka. Mjumbe wa tawi aruhusiwe kuliona daftari la mizani kila mwezi. Kiasi kilichozidi ukomo kilipwe kwa madereva wa kampuni kana kwamba wao ndio waliosafirisha. Siku kifungu kitakapokiukwa, mwandikieni mwajiri siku hiyo hiyo mkitaja tarehe, namba za magari na kilo, na muweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipotekeleza, shauri lipelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Mbeya na Iringa, na likishindikana katika usuluhishi liende Mahakama ya Kazi. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda wa kulifikisha kwenye Tume ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, nazo huanza kuhesabiwa hata kama mwajiri bado anawaahidi kikao cha wiki ijayo.